Ndege Isiyosahau



Juma hili naomba ruhusa tuliache jiko, tuingie katika chumba ambacho akina mama wengi hukipita kikiwa kimefungwa: chumba cha kijana na kompyuta yake. Nami nilikipita kwa muda mrefu nikinung'unika. Siku hizi nimeingia, nimeketi, na nimeona mambo ambayo sikuyatarajia.

Mwanangu wa pili amemaliza kidato cha nne, na tangu utotoni hana lake ila ndege. Hutumia Microsoft Flight Simulator, programu inayoigiza urushaji wa ndege juu ya sura ya dunia nzima, kwa upepo na mawingu ya saa ile ile. Programu hiyo huja na ndege zake, lakini wapo mafundi wanaounda ndege za ziada na kuziuza mojamoja. Mjomba wake aliyeko Maskati alimtunuku moja kuwa hidaya ya Idi. Ni Comanche, kazi ya A2A Simulations, iliyotoka mwaka 2023. Kwetu nyumbani ndiyo kwanza imetua. Babake hakupendezwa. Alisema fedha za Idi zimenunua picha ya ndege, na picha haimpeleki mtu popote. Sikumjibu, kwa kuwa nami moyoni nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Ndege yenyewe si ya kubuni. Comanche halisi ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Piper, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1956. Ina viti vinne, mbawa zilizo chini ya dirisha, magurudumu yanayojikunja ndani, na injini moja ya silinda sita yenye nguvu za farasi 250. Mwaka 1959 rubani Max Conrad aliirusha kutoka Casablanca, Moroko, hadi Los Angeles bila kutua, safari ya zaidi ya saa 58. Na mwaka 1966 mwanamke wa Kiingereza, Sheila Scott, aliizunguka dunia peke yake kwa Comanche yenye injini ya nguvu zaidi kidogo. Binti yangu mdogo alipolisikia hilo la pili alivuta kiti, na tangu hapo hakutoka tena chumbani. Uundaji wake ulikoma mwaka 1972, mafuriko yalipokiharibu kiwanda chake huko Pennsylvania.

Sasa niseme kinachoitenga ndege hii na nyingine alizo nazo. Zile nyingine, kila akizifungua, huwa mpya kama zilizotoka dukani. Hii hukumbuka. Ulivyoitumia jana ndivyo utakavyoikuta leo: mafuta yaliyobaki, oili iliyopungua, plagi zilizochafuka. Usiku wa kwanza kijana aliizima kwa haraka, akalala. Asubuhi akabonyeza swichi, na rafadha haikugeuka hata robo. Alidhani kompyuta imeharibika. Kumbe alikuwa ameiacha swichi kuu wazi, na betri imekwisha usiku kucha. Nilicheka, lakini kicheko kiliniishia nilipokumbuka ni mara ngapi nimemkuta taa ya ua inawaka mchana na yeye anasema hakumbuki.

Siku ya pili ilimfunza habari ya plagi. Injini ya namna hii hupewa mafuta na hewa kwa kipimo, na rubani mwenyewe ndiye mwenye kukirekebisha kwa mkono. Kijana aliiacha ndege ikinguruma chini kwa muda mrefu na mafuta mengi. Alipoijaribu kabla ya kuruka, ikakohoa na kutetemeka. Alinieleza kwa maneno marefu. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni jiko la mafuta ya taa. Utambi ukizidi, sufuria hujaa masizi." Alinitazama kama aliyegundua kwamba mamake naye anajua kitu.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Baba mkwe wangu, ambaye ujana wake ulipita katika majahazi, alikuwa amekuja kututazama. Akaketi nyuma ya mjukuu wake na tasbihi yake mkononi. Wakati huo kusi lilikuwa likivuma, na mle ndani ya kompyuta lilivuma pia. Kijana alitaka kuruka kutoka uwanja wa Mombasa. Babu akamwambia aupe upepo uso, asiupe kisogo. Nasi tukaondoka kwa njia inayoelekea kusini-magharibi, kisha tukageuka kuifuata pwani kwenda Lamu.

Kabla ya hapo kijana alikuwa amefanya ukaguzi. Ndege hii humtaka rubani aizunguke kwanza: apime oili, atoe mafuta kidogo kwa chini atazame kama yana maji, aguse mbawa na magurudumu. Babu alipendezwa sana. Akauliza, "Na mafuta, umeyatazama mwenyewe?" Kijana akajibu, "Naam, babu."

Tulipita Kilifi, tukaipita Malindi na mdomo wa mto Sabaki. Sauti ya injini ilikuwa nzuri. Hata mimi nisiyejua niliweza kuisikia ikibadilika kila alipogusa kishikio. Kwa mwendo wa ndege hii, Mombasa hadi kiwanja cha Manda si safari ya zaidi ya saa moja kwa kiasi kikubwa. Tukiwa juu ya Ghuba ya Ungwana, maji chini na nchi kavu mbali upande wa kushoto, injini ikanyamaza.

Sikujua kwamba kimya cha mchezo kinaweza kumshika mtu moyo. Binti yangu alinishika mkono. Pua ya ndege iliinama, nambari za urefu zikaanza kushuka. Kijana akahangaika na vitufe, kisha akakumbuka: ndege hii huweka mafuta katika matangi ya mbawani, na rubani huchagua mwenyewe injini inywe kutoka upande gani. Alikuwa akinywesha upande wa kushoto tangu juzi. Akageuza, akawasha pampu, tukangoja. Injini ikashika. Upande wa kulia ulikuwa na mafuta ya kutosha kutufikisha.

Hakuna aliyesema neno mpaka tukatua Manda, tena kwa kishindo, kwa kuwa alikuja kwa kasi kupita kiasi na ndege hii hupenda kuelea juu ya njia kabla ya kukubali kushuka. Kisha kijana akageuka, uso umemwiva, akasema, "Babu, nisamehe. Sikuyatazama mafuta. Nilidhani yapo."

Mzee hakumkaripia. Alimwambia kwamba katika jahazi maji ya kunywa ya mapipani hayakuhesabiwa kwa kusikia. Nahodha alitia mkono mwenyewe, kwa kuwa katikati ya bahari pipa tupu halikubali udhuru. Akaongeza, "Mimi umenidanganya, nami ningekuamini. Pipa halikukuamini." Basi. Akaendelea na tasbihi yake.

Nimeyafikiri maneno hayo siku nyingi. Sisi wazazi tumechoka kuwahubiria vijana habari ya amana, na mara nyingi hotuba zetu huwapita juu. Hapa kijana alikionja mwenyewe kitu kidogo cha ukweli wake: kwamba ulichokabidhiwa huweka hesabu ya ulivyokitunza, uwe unatazamwa au hutazamwi. Nasi Waislamu tunaamini hesabu iliyo kubwa kuliko ya ndege. Kutawakali kwetu hakujapata kuwa ruhusa ya kutokagua; ngamia hufungwa kwanza.

Haki itendeke, nayataja pia yasiyonipendeza. Ndege hii inahitaji kompyuta yenye nguvu; yetu huunguruma kwa joto, na umeme wa tokeni huyeyuka kama barafu. Pia ina njia nyepesi ya kutengeneza kilichoharibika: bonyeza mara chache karakanani, na injini ni mpya. Maisha hayana karakana ya namna hiyo, na mtoto yafaa akumbushwe. Kubwa zaidi ni wakati. Safari ya saa moja haijali adhana. Tumewekeana sharti: safari isianze ikiwa itaingia katika Magharibi, na programu isimamishwe panapoadhiniwa. Ina kitufe cha kusimamisha, hivyo hana hoja.

Kwa mama mwenye kijana wa aina hii, nasihi yangu ni chache. Usinunue ndege ya ziada kabla hajaijua vizuri ile aliyo nayo. Ukinunua, chagua inayomtaka akagua, apime na asubiri, uziache zile za kumpa mbio tu. Mpe dada yake zamu, kwa kuwa bintiyo naye ana macho na mikono. Na lililo muhimu, keti naye walau safari moja. Mwulize kila kitufe ni cha nini. Utaambiwa mengi usiyoyaelewa, na katikati yake utasikia moja ulilokuwa ukilitafuta.

Babake naye? Juzi nilimkuta mlangoni, amesimama na kikombe chake cha kahawa, anatazama. Aliuliza kama mafuta yamekaguliwa. Kijana akasema, "Bado, baba, ndiyo naenda kuyatazama," akainuka kwenye kiti kidogo, kama kwamba kweli anakwenda nje. Ada za kusomea urubani ni nzito, na nyumbani kwetu hatujaamua neno. Lakini usiku ule mume wangu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo lisilo na uzito, shule za urubani za uwanja wa Wilson huko Nairobi huchukua wanafunzi wenye alama gani. Nimeanza kuuliza.

Mwenyezi Mungu atuongozee watoto wetu, awajaalie ukweli panapokuwa na jicho na pasipokuwa nalo. Tukutane juma lijalo, inshaallah.