Bunduki ya babu si sufuria, usiisugue!

Mliokulia kwenye mikanda ya video mnaijua vizuri ile bunduki: jamaa anavuta mkono wa chini ya mtutu, anasukuma mbele, kra-chak! Adui hata hajapigwa, suruali imeshalowa.

Sasa kule Marekani mtambo huo si wa sinema tu. Upo nyuma ya mlango wa stoo ya babu. Mzee akifariki, mjukuu anaukuta umeota kutu, kitako kimepasuka, basi anapandwa na mori wa kuufanya mpya: msasa, brashi ya chuma, rangi ya kopo. Hebu tulia kwanza, bwana mdogo!

Mara nyingi utakuta ni Winchester Model 12. Ilianza kutoka 1912, na mpaka 1964 utengenezaji wa kawaida uliposimama, zilikuwa karibu milioni mbili. Kaka yake, Model 1897, ni kazi ya John Browning, na ndiyo iliyowatoa jasho Wajerumani kwenye mahandaki mpaka 1918 wakapeleka malalamiko rasmi. (Wenye gesi ya sumu nao wanalalamika!) Hizi mbili zina kituko kimoja: ukibana triga bila kuachia, kila ukisukuma mkono mbele zinalipuka zenyewe.

Kwa hiyo kabla ya yote hakikisha haina kitu. Risasi zinakaa kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na moja inaweza kuwa imenasa humo tangu babu ana meno yote.

Halafu chemba. Hapa ndipo watu wanapoumia. Model 12 za zamani za geji 16 zilitobolewa kwa risasi fupi, milimita 65. Za siku hizi ni milimita 70. Ubaya ni kwamba ile ya 70 inaingia kiulaini kabisa, maana mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka, unakosa nafasi, unabana njia ya marisau, na presha inapanda ndani ya chuma cha kizee, mbele ya uso wako. Fundi wa bunduki anapima chemba kwa dakika chache tu. Mpelekee.

Tukija kwenye urembo, ule weusi wenye ubluu kwenye mtutu si rangi. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa kwa dawa, utando mwembamba ajabu. Ukipitisha msasa umekwisha, na maandishi ya kiwandani yanaondoka nao. Kutu nyekundu itoe taratibu kwa mafuta na sufi ya chuma laini kabisa. Kitako cha mjozi kifute mafuta ya bunduki yaliyokilowesha shingoni, maana ndiyo yanayokiozesha, kisha pakaa mafuta ya kitani kwa kiganja. Mikwaruzo ya babu iache. Wakusanyaji wanalipa zaidi kwa iliyochakaa kihalali kuliko iliyong'arishwa.

Na kama mzee alikuwa wa kuwinda bata, jua kwamba tangu 1991 Marekani nzima ni marufuku kuwapiga kwa marisau ya madini ya risasi. Ya chuma ni magumu, na mtutu wa zamani wenye mdomo uliobanwa sana unaweza kuvimba.

Nyie wa hapa Bongo mliorithi ya mzee, msiiguse hata kwa kitambaa. Polisi kwanza: leseni ilikuwa ya marehemu, siyo yako.