TUANZE KWA SIKIO, MDOMO BAADAYE

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii twaiandika kila mara katika insha, lakini leo naileta kwenye mjadala uliopamba moto hapa shuleni: je, chama chetu kipya cha redio kinunue chombo gani kwanza?

Kwa msomaji asiyejua, redio ya ridhaa ni mazungumzo ya hewani ya watu wanaofanya hivyo kwa kupenda tu, si kwa mshahara wala biashara. Mmoja yuko Kenya, mwenzake yuko Japani, na kati yao hakuna kampuni ya simu.

Wenzangu wengi wanataka tuchange pesa tununue mtambo wa kurushia sauti mara moja. Mimi napinga. Maoni yangu ni kwamba tuanze na redio ya kupokea tu.

Sababu ya kwanza ni sheria. Hapa Kenya huwezi kurusha sauti kwenye masafa hayo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kati yetu sisi wanafunzi, nani anayo? Hakuna. Basi mtambo utafungiwa kabatini kwenye maabara, nasi tuwe tunauchungulia tu kama kitu cha makumbusho. Lakini redio ya kupokea hata mwanafunzi mdogo kabisa ataishika. Chama ni cha wote ama ni cha wachache?

Sababu ya pili ni pesa. Mtambo wa kurushia ni ghali kuliko redio ya kupokea. Hata hivyo, tusikimbilie redio yoyote. Wanaridhaa wengi wa masafa mafupi huongea kwa mtindo uitwao SSB, na redio ya kawaida ya nyumbani ikiunasa, sauti hutoka kama ya bata! Kwa hivyo dukani tuulize mambo mawili: ina masafa mafupi? Ina SSB?

Antena nayo tutajitengenezea kwa waya wa shaba. Hesabu yake ni fizikia yetu ya mawimbi. Gawanya 300 kwa 7.1, ambayo ni megahezi, upate urefu wa wimbi, kama mita 42. Chukua nusu, upunguze asilimia 5 hivi, utabaki na mita 20. Kata waya huo katikati, kila upande mita 10, na hapo katikati ndipo unapounga waya wa kwenda redioni. Lakini tahadhari! Usiutundike karibu na nyaya za stima, na mvua ya radi ikija, uchomoe kwenye redio.

Sababu ya tatu ni adabu. Hewani, mtu husikiliza kwanza kama nafasi iko wazi ndipo aite. Tukisikiliza tutajua kuwa kituo kinachoanza na 5Z ni cha Kenya, 5H ni Tanzania na 5X ni Uganda. Tutajua pia kuwa megahezi 14 hufaa mchana, nazo megahezi 7 huleta vituo vya mbali usiku, kwa sababu tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi hayo mchana hutoweka jua likitua. Ni heri kwetu wa kutwa, maana redio ya betri yaweza kwenda nyumbani kwa zamu.

Najua kuna wanaosema eti kusikiliza tu kunachosha. Alaa! Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kilomita 400 hivi, na wanaanga wake huzungumza na shule mbalimbali. Sauti yao hushuka kwenye megahezi 145.800, na kikipita juu yetu wakiwa wanaongea, hata redio ndogo ya mkononi huinasa. Hapo nani atasinzia?

Hata hivyo, nakubaliana nao kwa jambo moja: tusiishie kwenye kusikiliza. Naomba mwalimu mlezi atupe daftari la kuandika tarehe, saa, masafa na jina la kila kituo tunachosikia. Baada ya mwaka mmoja, wale ambao kurasa zao zimejaa ndio watayarishwe kutafuta leseni. Hapo tukichanga pesa za mtambo, nami nitatoa changu bila kunung'unika. Shime wenzangu, tutafute waya!