Imani Iogopayo Mifupa

Msomaji wangu, iko desturi katika shule zetu ambayo nataka kuishtaki mbele yako, maana wewe ndiwe unayedhulumiwa nayo. Mwalimu wa elimu ya viumbe afikapo kwenye somo la mageuko, yaani namna viumbe walivyobadilika kizazi baada ya kizazi tangu zama za kale hata wakawa hivi walivyo, hukifunga kitabu nusu, hutabasamu, kisha husema: "Haya yaandikeni kwa ajili ya mtihani tu, kuyaamini si lazima." Darasa hucheka, daftari hujazwa, kengele hulia. Katika mtaala wa 8-4-4 somo hili liliwekwa kidato cha nne, na tangu kidato cha kwanza mwanafunzi alikuwa amekwisha kusoma habari za uumbaji katika kipindi cha dini. Basi kijana alipewa majibu mawili na onyo moja: usiyakutanishe.

Mimi ni mwalimu, tena ni muumini; Jumapili saa ya ibada huwezi kunikuta nyumbani. Siandiki haya ili kuibeza dini ya mtu. Nasema kwamba maneno yale ya mwalimu ni mafunzo ya uongo. Yanamzoeza kijana kuandika asichokisadiki ili apate alama, na akishaizoea kazi hiyo hatashindwa kuifanya mahali pengine penye malipo makubwa zaidi. Nakiri kwamba katika mwaka wangu wa kwanza kazini nami niliyatamka. Nilitoka chuo cha ualimu nikijua vema kupanga somo, lakini mbele yangu walikaa watoto wa wachungaji na wa makatekista, nikawaogopa wazazi wao.

Ajabu ni kwamba woga huu umejenga nyumba katika nchi ambayo ardhi yake yenyewe ni kitabu cha somo hilo. Toka hapa bondeni Lambwe, uelekee Mbita, uvuke kwenda Rusinga. Katika kisiwa hicho, mwaka 1948, Mary Leakey alilipata fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya masokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Rudi bara, uende rasi ya Homa, hata mahali paitwapo Nyayanga. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba hapo walichimbua zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.6 au zaidi, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa kwa zana kama hizo. Wageni huvuka bahari kuja kuutazama udongo huo. Mtoto wa nchi hii huulima viazi, na mwalimu wake hamwambii kitu.

Kumbuka pia yaliyotokea Nairobi mwaka 2006. Makumbusho ya Taifa yalipokuwa yakitengenezwa upya, Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza viongozi wa makanisa ya kiinjili kudai kwamba mifupa ya watu wa kale isipewe mahali pa mbele. Miongoni mwake ilikuwamo ya Mvulana wa Turkana, aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na ambaye mabaki yake yaligunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu. Richard Leakey alipinga kwa ukali. Makumbusho yakafunguliwa tena mwaka 2008, na mifupa ikaonyeshwa. Askofu alikuwa na haki ya kusema, tena alisema waziwazi, na kwa hilo namheshimu kuliko mwalimu atabasamuye. Lakini nauliza: ni imani gani hiyo itikiswayo na mbavu za mtoto? Yule tunayemkiri kuwa Muumba wa mbingu na nchi, je, hakuuona mchanga wa Nariokotome ukimfunika mvulana yule?

Wengi hulikataa somo hili kwa kuwa wameambiwa linamfanya nyani kuwa babu yao. Nyani hawa watuibiao mahindi kandokando ya mbuga ya Ruma si babu wa mtu yeyote. Wataalamu wasema kwamba wao na sisi tulitoka katika ukoo mmoja wa kale uliokwisha kutoweka. Kwa lugha ya nyumbani ni binamu wa mbali, tena mbali mno hata hawawezi kuja kudai ng'ombe wa mahari.

Sasa nitakueleza kwa nini jambo hili kwangu si mchezo. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyezaliwa na ugonjwa wa siko seli, ambao huzipinda seli nyekundu za damu zikawa mfano wa mundu. Viungo vilimuuma usiku kucha. Watu wa ukoo walisema ni chira, yaani mkosi umpatao aliyevunja mwiko, na kidole kilimwelekea mama. Mama alinyamaza miaka mingi akijitafuta kosa. Mtoto alifariki kabla hajatimiza miaka tisa. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha nne, na somo ambalo lingaliniwezesha kumfariji mama yangu lilipitishwa mbele yangu kwa vipindi viwili na kicheko.

Maana habari yenyewe ni hii. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa nchi hii. Akaona kwamba karibu na pwani na Ziwa Victoria, katika baadhi ya makabila, zaidi ya mtu mmoja katika watano alibeba alama ya siko seli, lakini katika nyanda za juu hakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mtu aliyeirithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na makali ya malaria. Penye mbu wengi, watoto wasio nayo waliuawa na homa kwa wingi zaidi; walioirithi kwa wazazi wote wawili waliuawa na ugonjwa wenyewe; wa katikati waliishi, wakazaa, wakairithisha. Hayo ndiyo mageuko, msomaji wangu, nayo yamo katika damu yetu sisi watu wa ziwani. Baba na mama walikuwa wabebaji wawili waliokutana, na kila mimba ilikuwa na bahati mbaya ya moja katika nne. Mama hakuvunja mwiko wowote.

Mzazi mwenye busara ataniuliza, "Mwalimu, ukimwambia mwanangu kwamba ametokana na wanyama, utamzuiaje asiishi kama mnyama?" Swali hili si la kuchekwa. Lakini Biblia na Kurani zote zafundisha kwamba mtu aliumbwa kwa udongo, na udongo ni duni kuliko mnyama. Wala sijamsikia mhubiri akihofu kwamba waumini wataishi kama udongo. Gregor Mendel, aliyetufungulia elimu ya urithi kwa kuhesabu njegere, alikuwa mtawa. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tupu, na Wakatoliki wa Asumbi hawakuacha kusali. Naye mwalimu alitumiaye somo hili kuwacheka wacha Mungu amekosa vilevile, kwa maana haujachimbuliwa bado mfupa ulioandikwa kwamba Mungu hayupo.

Siku hizi nifikapo kwenye somo hilo huwaambia wanafunzi waulize na wabishe, na asiyesadiki aseme hasadiki na atoe sababu zake. Mwaka jana mchungaji mmoja, ambaye binti yake yumo darasani mwangu, alikuja shuleni amekunja uso. Nilimkaribisha aketi dawati la nyuma, akasikiliza kipindi chote. Baadaye tulibishana chini ya mti hata chakula cha mchana kikapoa. Yeye hakukubali, nami sikukubali. Juma lililofuata alirudi na Biblia yake kwapani, akaniuliza yale mawe ya Nyayanga hufikiwa kwa njia gani.