‘Ain na Hamza

Tulipokuwa Kairo mwaka 2019 tulisoma Kiarabu kwa mzee mmoja nyumbani kwake. Alisomesha juu ya paa, baina ya matundu ya njiwa wake, wala hakutaka kuona kitabu. Tulipomsomea Aya, alijiziba masikio! Kisha akatugusa koo: “‘Ain hutoka hapa.” Kumbe tukiitamka kama hamza, basi “‘aliim”, Mjuzi, hugeuka “aliim”, yenye kuumiza, kama isemwavyo adhabu. Siku tisa hatukusoma ila herufi hiyo moja, njiwa wakisikiliza. Kuchekwa si neno. Lililotukosesha usingizi ni watoto tuliowasomesha hivyo miaka mingi, ambao sasa nao wana wanafunzi wao. Tuliporudi tuliwaita. Wamekuja wanne.