Kabla ya Kumshuku Jirani, Geuza Jani

Leo nataka tuzungumzie mwaridi, na zaidi ya mwaridi wenyewe, nataka tuzungumzie maneno tunayoyasema pale mwaridi unapokufa.

Maneno hayo mnayajua. Mtu kanunua mche wake, kaupanda uani au kwenye pipa karibu na baraza. Umetoa ua moja kubwa kama kikombe, kila apitaye anageuza shingo. Akaja mgeni, akalisifu, mashaallah hakuitamka, au aliitamka kwa sauti ndogo isisikike. Wiki mbili baadaye majani yamekuwa manjano, yamepukutika, kimebaki kijiti chenye miiba. Hapo hukumu imeshapita: "Fulani ana jicho." Na kuanzia siku hiyo fulani akipita, salamu yake inajibiwa nusu.

Mimi naona tunawaonea watu. Mwaridi unaokufa hapa kwetu, mara nyingi sana umekufa kwa sababu inayoonekana, na sababu hiyo iko kwenye jani. Kabla hatujamshuku mtu, tuna wajibu wa kuinama na kulitazama jani lile.

Sisemi kuwa jicho halipo. Tumefundishwa kuwa ni kweli, na kutaja mashaallah ni adabu yetu nzuri. Lakini Suratul Hujurat tunayowasomesha watoto chuoni inatuonya vilevile juu ya kudhaniana vibaya. Huwezi kushika fundisho moja ukaliacha la pili. Mtoto akipata homa tunampeleka kupimwa kwanza. Mwaridi nao tuufanyie hivyo.

Tuanze kwa kumjua mgeni wetu. Waridi hili la ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, lenye petali zilizojikunja kwa ncha katikati, ni waridi chotara la chai. Si waridi lile linalotoa marashi yetu. Marashi ya Jabal Akhdar kule Oman, ambayo nyumba nyingi za visiwani zinayajua, hutoka kwenye waridi la Dameski, linalochanua mara moja kwa mwaka, kwenye mwezi wa Aprili hivi. Hili chotara limetokana na kuchanganya mawaridi ya Ulaya na mawaridi ya chai kutoka China, yaliyofika Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19. Linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza ni La France, lililotolewa mwaka 1867 na Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa. Upande wa China ndio uliompa chotara huyu sifa ya kuchanua tena na tena, na jina la chai linasemekana limetokana na harufu yake.

Nayataja haya kwa sababu moja. Asmini, kilua na mkadi hali yetu ya hewa wanaijua. Mwaridi chotara umelelewa kwenye nchi za baridi, ukachaguliwa kwa uzuri wa ua kuliko kwa ugumu wa jani. Tumeuleta kwenye joto, unyevu na chumvi ya bahari. Kuishi unaweza, lakini mahitaji yake ni mengine, na tukiutunza kama asmini utatufia mikononi.

Sasa tulisome jani.

Ukiona majani ya chini yana madoa meusi ya mviringo yenye kingo zilizochakaa kama kitambaa kilichotatuka, pembeni yamezungukwa na rangi ya manjano, kisha yanaanguka kuanzia chini kwenda juu, huo ni ugonjwa wa madoa meusi. Ni ukungu, na ndio adui mkubwa wa mwaridi kwenye nchi zenye unyevu. Mbegu zake zinahitaji jani lililolowa kwa muda wa saa saba hivi ndipo zichipue. Fikiri sasa: sisi tunamwagilia saa ngapi? Jioni, baada ya Alasiri, jua limepoa, na tunamwagia mti mzima kuanzia kichwani kwa kuuhurumia. Jani linalala limelowa mpaka asubuhi. Wakati wa masika ndiyo kabisa, mvua inarusha matone kutoka ardhini na kupandisha ugonjwa jani kwa jani.

Na hapa ndipo mgeni wetu anapoponzwa. Jani likishaambukizwa, madoa huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kujitokeza. Tena mwaridi huenda kwa mzunguko: unachanua, unapumzika, unachipua, na baada ya wiki sita au saba unachanua tena. Nani anayesifu mwaridi usio na ua? Hakuna. Watu wanausifu siku ulipofikia kilele, na baada ya kilele hakuna mahali pa kwenda isipokuwa kushuka. Kwa hiyo yeyote atakayeusifu, lazima uzuri upungue nyuma yake. Angekuja mama yako mzazi siku hiyo ingekuwa vilevile.

Dawa yake ni kazi, haina siri. Okota majani yaliyoanguka, chuma yenye madoa, uyachome au uyatupe mbali. Usiyarudishe shinani kuwa mbolea. Mwagilia asubuhi, shinani, bila kulowesha majani. Tandaza majani makavu au makumbi chini yake ili mvua isirushe tope. Usiubanishe mti na ukuta wala na mimea mingine, upepo upite. Hali ikizidi, kuna dawa za ukungu kwenye maduka ya pembejeo. Soma maelekezo na ufunike pua na mikono.

Ukiona kinyume chake, yaani majani mapya ya juu ndiyo yanayokuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, hapo tazama ardhi. Sehemu kubwa ya visiwa vyetu ni maweni, mawe ya matumbawe yaliyojaa chokaa. Mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa nyingi, madini ya chuma yapo lakini mizizi haiwezi kuyafyonza, na jani jipya linazaliwa bila damu. Anayeishi maweni asihangaike kuchimba jiwe. Achukue pipa au ndoo kubwa, aitoboe chini, ajaze udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Na pipa lile asilisakafie kwa mabaki ya saruji, maana saruji nayo ni chokaa.

Ukiona kingo za majani zimekauka kahawia kama zilizopitiwa na moto, onja maji yako ya kisima. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Sisi tunayavumilia kwa kufulia, mwaridi hauyavumilii. Kinga maji ya mvua ukiweza, na kama huna budi kutumia ya kisima, mwagilia kwa wingi kwa siku chache kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogokidogo kunaiacha chumvi juu, na kunafundisha mizizi kukaa juu ambako jua linaiunguza.

Wakati wa kiangazi, jani likififia na kuwa na vidoto vidogo, geuza chini yake. Ukikuta utando mwembamba na vidude vidogo vyekundu vinavyotembea, hao ni utitiri. Wanapenda joto na ukavu. Wapige kwa maji upande wa chini wa majani, asubuhi mapema, ili jua likaushe majani kabla ya adhuhuri.

Na lipo moja linalotisha watu kuliko yote. Mwaridi ulikuwa na maua makubwa mekundu. Baada ya mwaka unatoa vijiua vidogo vya rangi nyingine, vingi, vyepesi, na matawi marefu ya ovyo. Hapo utasikia neno "umerogwa". Shoga yangu, hakuna aliyeroga. Miwaridi mingi inayouzwa ni ya kubebesha, kama miembe. Shina la chini ni la mwaridi mwingine, mgumu, wa porini. Wa juu ndiye chotara uliyempenda. Kutoka chini ya kile kifundo cha kubebesha huota machipukizi ya yule wa porini, nayo yana nguvu kuliko chotara. Ukiyafurahia kwamba "mti umeshamiri", yanamnyonya chotara mpaka anakufa, na mwenye shamba la chini anatwaa nyumba nzima. Fukua kidogo, fuata chipukizi mpaka lilipoanzia, ulinyofoe pale pale. Ukilikata juujuu litarudi na wenzake.

Kuna na kosa la huruma. Wanawake wengi hawataki kukata mwaridi. Ua linakauka mtini, linageuka tunda, na mti unadhani kazi yake imekwisha. Kata ua linapoanza kulegea, shuka mpaka kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano linalotazama nje ya mti, ukate juu yake kidogo kwa mkasi mkali na safi. Tawi jipya litatokea hapo na kuelekea nje, katikati ya mti pabaki wazi. Ulaya husubiri majira ya baridi ndipo wapogoe sana. Sisi hatuna majira hayo, kwa hiyo tunakata kidogo baada ya kila ua, na mara moja kwa mwaka, kipupwe kinapoingia baada ya masika, tunaupunguza mti kiasi cha theluthi moja na kuondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana.

Najua wapo watakaosema: kazi yote hiyo kwa kitu kisicholiwa? Si bora nipande mchicha au bamia? Panda vyote viwili. Lakini usikubali kuambiwa kuwa kila kinachopita mkononi mwa mwanamke lazima kiishie kwenye sufuria. Kikuba hakiliwi, udi hauliwi, na hakuna aliyewahi kutuambia tuviache. Mwaridi mmoja nao una haki hiyo. Nasema mmoja kwa makusudi. Miche mitano ya soko inayokufa kwa pamoja ni hasara; mmoja uliowekwa penye jua la saa sita, ukatazamwa kila asubuhi unapotoka kufagia uwanja, utakufunza usomaji wa majani yote.

Na kama nyumba yako haina jua la kutosha, panda asmini. Sioni aibu yoyote hapo. Asmini itanukia mpaka nyumba ya pili na haitakudai chochote.

Wengine watasema wao hawana mkono wa kupanda, kila wanachogusa kinakauka. Neno hili nalo linaniuma, kwa sababu ni dhana mbaya iliyogeuzwa ikaelekezwa kwa nafsi. Mwanamke anajihukumu kuwa ana nuksi kwa sababu ya ukungu uliolala kwenye jani lililolowa. Badilisha saa ya kumwagilia kwanza, ndipo uuhukumu mkono wako.

Ninachokiogopa mimi si mwaridi kufa. Mche mwingine utapatikana sokoni. Ninachokiogopa ni vile mtaa unavyopungua. Bibi wa nyumba ya tatu, mjane, ambaye starehe yake ni kupita barazani na kusifu maua ya watu, anaanza kukwepwa. Watoto wanaambiwa wasiende kwake. Yeye hajui kosa lake, wala hapati nafasi ya kujitetea, kwa sababu jicho halina ushahidi: anayeshukiwa akinyamaza ni dalili, akikataa ni dalili zaidi. Jani lina ushahidi. Unaweza kulishika, kuligeuza, kumwonesha mwenzio.

Basi tufanye hivi, dada zangu. Mgeni akisifu mwaridi wako, itikia kwa mashaallah wewe mwenyewe kama hakuisema, mkaribishe kahawa. Siku ukiona manjano, chuma jani moja, lipeleke mwangani, ulitazame juu na chini. Je, madoa ni ya mviringo? Ni majani ya chini au ya juu? Kingo zimeungua? Kuna utando? Chipukizi limetoka juu ya kifundo au chini yake? Ukishajibu hayo, utajua la kufanya, na jina la mtu halitakuwa na sababu ya kutajwa.

Na kama lipo jina ambalo umeshalitaja, mwaridi ukichanua tena, kata ua la kwanza asubuhi na mapema, likiwa bado halijafunguka kabisa, umpelekee. Kukata huko kunausaidia mti kutoa jingine.

Wassalaam.