Hatua 10,000 si dawa ya goti

Leo nina neno kwa wanaprogramu wenzangu, na najua wengine halitawapendeza. Acheni kuwahesabia hatua wagonjwa waliobadilishiwa goti!

Kila programu ninayoonyeshwa, eti ya kufuatilia mgonjwa baada ya upasuaji, ina duara linalojaa rangi kadiri hatua zinavyoongezeka. Likijaa, pongezi. Nauliza: idadi hiyo inamwambia daktari nini kuhusu goti?

Tuanze na saa yenyewe. Saa ya mkononi haioni mguu. Ndani yake mna akselerometa inayopima mwendo wa mkono, na programu inakisia hatua kutokana na mwendo huo. Sasa mchukue mama aliye wiki ya pili baada ya upasuaji. Ameshika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, anasogea polepole, mikono haipungi kabisa. Saa inapunguza hesabu. Amejikaza kutwa nzima akiumwa, halafu jioni anaambiwa hajafanya kitu. Kesho atapata wapi moyo wa kujikaza tena?

Ubaya wa pili unaniudhi zaidi. Mgonjwa ameiacha fremu, anachechemea, uzito wote anautupia mguu mzima. Hatua 6,000, duara limejaa, pongezi! Hakuna aliyemwambia kwamba mguu uliopasuliwa unakaa chini muda mfupi kuliko mwenzake. Mwingine anazidisha kutembea ili tu duara lijae, na goti linavimba. Tumempa mgonjwa mchezo, tukauita matibabu.

Na hizo hatua 10,000 zilitoka wapi? Zilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, kikaitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ni jina la bidhaa, jamani. Halikutoka kwa daktari wa mifupa.

Basi tupime nini? Mambo matatu: kasi ya kutembea, muda ambao kila mguu unakaa chini, na goti linakunjika na kunyooka digrii ngapi. Goti lisilofika karibu digrii 90 litamsumbua mtu kila anapotaka kuinuka kitini. Lisiponyooka vizuri, atachechemea hata maumivu yakiisha.

Najua mtasema hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa. Kweli, Agosti 2021 Marekani iliidhinisha goti bandia la Persona IQ, lenye vihisi ndani ya sehemu inayoingia kwenye mfupa. Lakini si lazima tufike huko. Funga kihisi kimoja pajani na kingine kwenye muundi, vyote vikiwa na akselerometa na jairoskopu. Tofauti ya pembe zao ndiyo mkunjo wa goti. Jairoskopu peke yake hukusanya makosa dakika hadi dakika, kwa hiyo uisahihishe kwa mvutano wa dunia ambao akselerometa inauona mguu unapotulia. Hesabu hii haimshindi aliyesoma sayansi ya kompyuta.

Na hata bila vihisi, kuna kipimo kilichochapishwa mwaka 1991: mgonjwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Hesabu sekunde. Kiti na saa ya ukutani vinamwambia mtaalamu wa viungo mengi kuliko duara lenu la rangi.

Tunahesabu hatua kwa sababu ni rahisi kwetu, wala si kwa sababu zinamfaa mgonjwa. Ukitaka kuandika programu ya goti, nenda kwanza ukakae na mtaalamu wa viungo, umuulize anaangalia nini mgonjwa anapoingia mlangoni. Nina hakika hataanza na idadi ya hatua.

Mwenye hoja ya kunipinga, karibu. Lakini aje na data ya mguu, asije na ya mkono.