JAMAA NJIANI: Kuvuka Alimbongo na mtoto mgongoni



Mwezi huu tumepata barua ya baba mmoja anayefanya kazi ya zahabu upande wa Manguredjipa. Anaandika hivi: «Ndugu mwandishi, mama yangu ni mtu wa Kirumba. Alikimbia vita mwaka wa 2024, iko Butembo kwa dada yangu. Kila siku anauliza: tutarudia lini? Nimeweka franka kidogo kwa safari yake. Siku njia itakuwa nzuri, nataka nimupeleke mimi mwenyewe, pamoja na bibi yangu na batoto batatu, mudogo ana miezi saba. Mama anasema haogopi tena kitu, isipokuwa baridi ya Alimbongo. Nipange namna gani?»

Baba, asante. Wengi watacheka: baridi gani tena, sisi watu wa Ekweta? Na ni kweli, mstari wa Ekweta unakata njia hii kati ya Butembo na Lubero. Lakini baridi haitazami mstari, inatazama urefu wa mlima. Kila ukipanda metre 1.000, joto linapunguka karibu digrii 6. Alimbongo iko juu ya metre 2.000. Huko Ulaya majira ya baridi yanakuja mara moja kwa mwaka, kisha yanaenda zake. Baridi ya Alimbongo haiendi popote. Inakaa juu ya mlima mwaka mzima, na kila jioni inashuka barabarani pamoja na ukungu.

Angalia tena njia yenyewe. Ukitoka Butembo uko katika inchi ya ndizi, maana yake inchi ya kasiksi. Unapita Lubero, karibu kilometre 45, kisha unapanda. Migomba inapunguka, halafu inakwisha. Unaona viazi, ngano, kabichi, poro. Hiyo ndiyo Alimbongo. Ukishuka upande wa pili, kuelekea Kirumba, Kayna na Kanyabayonga, migomba inarudi, na kasiksi pamoja nayo. Basi msafiri anatoka kwenye kasiksi, anapita kwenye baridi, anaingia tena kwenye kasiksi. Hatari ya safari hii iko hapo, na mimi niliiona kwa macho yangu.

NILIYOYAONA MWAKA WA 1991

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja 1991, inchi bado inaitwa Zaire. Tulikuwa juu ya kamio, watu kama ishirini, tumekaa juu ya mizigo. Mbele yangu alikaa mama kijana na mtoto wake mgongoni. Tulipofika kijiji kimoja chini ya mlima, shofere akasimamisha gari. Kasiksi mpya ilikuwa imetoka. Alisema: «Kidogo tu, ya kufukuza baridi.» Kidogo ile ikawa masaa matatu. Sisi wanaume tulishuka tukanywa naye. Ndiyo, na mimi pia. Nilishika kikombe wala sikuuliza saa ngapi.

Tulipoanza kupanda, mvua ikapiga. Bashi ilifunika mizigo, haikufunika watu. Usiku ulitukuta karibu na Alimbongo. Mtoto alilia sana, kisha akanyamaza. Nikamwambia mama yake: «Afazali, amesinzia.»

Tate mmoja aliyekuwa nyuma yetu alisikia neno lile. Akasema kwa sauti kubwa: «Mutoto anayelia katika baridi iko muzima. Ule anayenyamaza, ndiye wa kuogopa. Simamisha gari!»

Tukapiga mikono juu ya kichwa cha gari mpaka shofere akasimama. Tate akagonga nyumba ya kwanza ya kandokando ya barabara. Akamvua mtoto nguo zote zilizolowa, akamkausha, akamweka kifua kwa kifua na mama yake, ngozi juu ya ngozi, akawafunika wote wawili na blanketi moja, akamfunika mtoto na kichwa. Mwenye nyumba akaleta chai ya sukari, akampa mama. Shofere naye alikuja na kikombe chake: «Mumupe kidogo hii, itamupashia moto.» Tate akamtazama tu. Shofere akarudi nje.

Baada ya muda mrefu mtoto alianza kutetemeka, kisha akalia, kisha akatafuta ziwa la mama yake. Sijasikia kilio kizuri kama kile. Lakini mpaka leo nakumbuka lile neno langu, «amesinzia». Kama tate hangekuwa nyuma yetu, tungefika Kirumba na maiti.

KWA NINI POMBE HAIFUKUZI BARIDI

Mwili wetu ukipata baridi, unafunga mishipa midogo ya ngozi, ili damu ya moto ikae ndani, karibu na moyo. Pombe inafungua mishipa ile. Damu ya moto inakuja kwenye ngozi, wewe unasikia vizuri, unasema «nimepata moto». Kumbe moto ule unatoka nje, unapotea. Mlevi anakufa na baridi huku anacheka.

Na jambo lingine: mtu aliyeshikwa sana na baridi anafanana na mlevi. Anasema maneno yasiyoeleweka, anajikwaa, anataka kulala, kisha anaacha kutetemeka. Katika gari lenye bido ya kasiksi, wote watasema amelewa, watamwacha. Usimwache. Mtoe nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike na kichwa, mwili wa mwingine karibu yake. Kama anameza vizuri, mpe kitu cha moto chenye sukari. Usimsugue kwa nguvu, usimweke karibu sana na moto, na umpeleke kwa mganga wa kituo cha afya.

SASA TUPANGE

1. Uliza njia kwanza. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga na Kirumba ziliangukia mikono ya M23, na mwezi wa kumi na mbili vita vilifika Alimbongo yenyewe. Baba, usisafiri kwa neno la mtu anayeuza nafasi ya gari. Tafuta watu wawili au watatu waliotoka kule siku ile ile au jana yake, usikie kama maneno yao yanapatana. Tuma mtu mmoja wa jamaa aende mbele bila watoto, aone nyumba, shamba, na maji ya kunywa. Mama amengoja siku nyingi. Akingoja juma moja zaidi, haitamwua.

2. Chagua mwezi. Mvua kubwa inapiga kutoka mwezi wa tatu mpaka wa tano, na tena kutoka mwezi wa nane au wa tisa mpaka wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza na wa pili, au wa sita na wa saba, matope yanapunguka. Wengi wanapenda kusafiri karibu na Noeli sababu ya sikukuu. Lakini utelezi haujui sikukuu.

3. Chagua saa. Ondoka mapema asubuhi, uvuke Alimbongo wakati jua liko juu. Kama umefika Lubero na mchana umeshapita, lala Lubero. Franka ya kulala usiku mmoja ni kidogo kuliko ile ya sanduku.

4. Hesabu baryeri ya mvua. Mvua ikinyesha, mti unashushwa barabarani, magari yanangoja mpaka udongo ukauke. Watu wanakasirika, wengine wanatoa kitu kidogo ili wapite. Lakini kamio moja nzito katika matope mapya inachimba mashimo ambayo kantonye atafanya kazi siku nyingi kuyafunga, na kesho wewe utakwama ndani yake. Weka siku moja zaidi katika mpango wako, na chakula cha siku ile.

5. Nunua nafasi ndani ya gari kwa tate na kwa mama mwenye mtoto. Kama franka haitoshi kwa wote, wanaume na vijana wapande juu. Kama haitoshi hata kwa hao wawili, uza mbuzi au ungoja mshahara mwingine.

6. Nguo. Nguo mbili nyembamba moja juu ya nyingine zinashinda moja nene, sababu zinafunga hewa katikati. Kofia na soksi kwa kila mtoto. Blanketi moja na nguo za kubadilisha zikae katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, usiguswe mpaka juu ya mlima. Chukua termosi ya chai, viazi vilivyopikwa, tochi, na bashi yenu wenyewe.

7. Mkilala njiani, msiingize mbabula ya makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Pasheni moto nje, kisha mwingie na blanketi.

NA KASIKSI JE?

Sisemi msiipeleke. Mtu anayerudia kwao baada ya vita, majirani watakuja, na utawapokea na nini? Lakini tuijue. Ndizi zinaivishwa siku kadhaa, zinamenywa, zinakandwa na majani mpaka maji yatoke, yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yanaachwa yachemke yenyewe. Kuchemka kule hakukomi kwa sababu umepakia bido. Ukifunga kifuniko kwa nguvu, barabara ikitikisa, bido itavimba, itapasuka juu ya blanketi za watoto. Tena haikai siku nyingi, inageuka chungu. Afazali ununue kule kule, ukishashuka kwenye migomba ya upande wa pili. Na shofere asinywe hata kikombe. Mpatane jambo hilo kabla ya kulipa, na mmoja wenu akae karibu naye kwenye kila kituo.

Msifikiri haya ni mambo ya kwetu tu. Kule Ufaransa, katika Alsace, kuna njia ya divai ya kilometre karibu 170, iliyofunguliwa mwaka wa 1953. Wageni wanaipita hata wakati wa theluji, kijiji kwa kijiji, wakionja. Lakini sheria inakataza shofere kupita nusu gramu ya pombe katika litre moja ya damu. Na tangu 2021, katika sehemu nyingi za milima ya inchi ile, gari lazima liwe na mipira ya baridi au minyororo, kutoka tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi. Wao wana barabara ya lami na magari yenye moto ndani, na bado wanapanga hivyo. Sisi wenye matope tupange zaidi.

Baba wa Manguredjipa, mwambie mama yako hivi: kuogopa Alimbongo ni akili, siyo uzee. Na siku mtakapoondoka, mweke yeye karibu na yule mtoto wa miezi saba. Akisema «simamisha gari», msimamishe.

Mkifika salama, utuandikie. Tutaonana mwezi ujao.